Vichujio vya sindano vya mikromita 0.45 kwa virusi vya mwani: vinafaa, ila vinaziba

Wauza vifaa vya maabara hapa Nairobi hupenda kukupa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.2 kwa kila kazi. Kwa virusi vya Emiliania huxleyi, mwani mdogo wa baharini wenye vigamba vya chokaa, kikatae. Virusi hivi ni vikubwa, kipenyo karibu nanomita 170, karibu sawa na matundu ya 0.2 (nanomita 200), hivyo vingi hunaswa kwenye utando wa kichujio. Cha 0.45 huvipitisha, na seli za mwani, zenye mikromita 4 hadi 5, hubaki nyuma.

Udhaifu wake ni kuziba. Mwani uliopasuliwa na virusi huacha mabaki na vigamba vya chokaa. Ukiumimina moja kwa moja, mililita chache tu na sindano inagoma. Tanguliza kichujio cha nyuzi za kioo. Epuka sindano za mililita 1 au 2: shinikizo lake huchana utando kimyakimya. Ukihisi sindano imelegea ghafla, tupa kichujio (na maji yaliyopita, yachuje upya).

Kupima kama virusi vimepita, tia matone ya maji yaliyochujwa kwenye chupa ya mwani unaokua kwa kasi, na chupa nyingine uiache bila virusi. Ndani ya siku chache ya kwanza hupauka. Akiba ya maji yenye virusi iwekwe friji, nyuzi 4, gizani.