Opeth, Dream Theater na Steven Wilson: albamu tatu mpya za roki, na ubishi wa wasikilizaji

Karibuni sana, watazamaji wangu wapendwa. Leo nina albamu tatu za roki ya progresivu, zote zimetoka ndani ya miezi minne. Opeth walitoa The Last Will and Testament tarehe 22 Novemba 2024. Dream Theater wakafuata na Parasomnia tarehe 7 Februari 2025. Mwanamuziki wa Uingereza, Steven Wilson, akaleta The Overview tarehe 14 Machi 2025.

Kwa anayeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: roki ya progresivu ni roki isiyotaka kuisha ndani ya dakika tatu. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi, hata ishirini. Mapigo yanabadilika njiani, gitaa na kinanda vinajibizana, na mara nyingi albamu nzima ni kisa kimoja. Wewe uliyekulia kwenye rumba ya Kikongo tayari una sikio la kazi hii, kwa sababu umezoea kusubiri mwimbaji amalize mambo yake taratibu ndipo sebene lifunguke.

Nimefuatilia wanachosema wasikilizaji wa albamu hizi, wakongwe na vijana, na ubishi wao naona unazunguka jambo moja. Bendi kongwe ikirudia kile kilichoifanya ipendwe, je, imetupa muziki mpya au imetuuzia kumbukumbu? Msimamo wangu nautoa mapema: kurudi peke yake hakutoshi. Kilichorudi lazima kiwe na kazi ndani ya wimbo.

Tuanze na Opeth, maana hapa nina mengi ya kusema.

Hawa ni Waswidi wa Stockholm. Kiongozi wao, Mikael Åkerfeldt, alijulikana kwa sauti mbili: moja laini ya kuimba, nyingine mngurumo mzito kutoka kifuani, ule wa death metal, aina ya roki nzito mno. Baada ya albamu yao ya 2008, Watershed, mngurumo ukanyamaza. Zikapita albamu nne nzima, Heritage, Pale Communion, Sorceress na In Cauda Venenum, sauti laini tupu. Mashabiki waligawanyika vibaya. Wapo waliozipenda albamu hizo kwa harufu yake ya muziki wa miaka ya sabini, na wapo waliofunga mlango na kuondoka. Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa albamu hii mpya ulipotangulia kutoka, na mngurumo ukasikika baada ya miaka 16, ilikuwa shangwe. Watu waliokuwa wameikata bendi wakarudi usiku uleule.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Ni kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tajiri mmoja, baba mkali mwenye msimamo wa kizamani, amefariki. Watoto wake mapacha wamekusanyika kwenye jumba lake kusikiliza wosia ukisomwa. Yupo pia msichana mwenye polio, yatima aliyelelewa na familia hiyo, na mapacha wanajiuliza: huyu naye ameitiwa nini hapa? Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi anaijua hali hiyo. Watu wanatazamana pembeni, kila mmoja ana hesabu zake kichwani, na mambo ya marehemu yanaanza kutoka moja baada ya jingine. Mwisho wake sitawaharibia.

Hapo ndipo mngurumo unapopata kazi. Mimi nausikia kama hasira ya marehemu: mtu aliyeficha aibu maisha yake yote, sasa anaitoa akiwa hawezi tena kujibiwa. Sauti laini inaingia penye uchungu na penye shaka. Halafu kuna sauti ya tatu, ya mzee anayesoma kwa utulivu kama wakili, na huyo ni Ian Anderson mwenyewe wa Jethro Tull, bendi kongwe ya Uingereza, ambaye pia amepiga filimbi. Ukifika wimbo wa nne, kuna kinubi, kuna filimbi yake, kisha bendi nzima inaanguka juu yako kwa uzito wote. Nimeurudia wimbo huo mara nyingi na bado nasikia vitu vipya ndani yake.

Malalamiko yapo, na mengine yana haki. La kwanza ni majina: nyimbo saba hazina majina, zina alama ya kifungu na namba tu, kama hati ya kisheria. Ni wimbo wa mwisho pekee, A Story Never Told, uliopewa jina. Wasikilizaji wengine wanasema hawawezi kuzikumbuka, sijui ni ya tatu au ya tano. Kwangu inafaa, kwa sababu wosia ni vifungu, na albamu hii haikutengenezwa ili uchomoe wimbo mmoja uuweke kwenye orodha yako ya mazoezi.

La pili ni zito zaidi: wanasema imejaa mno. Ala za nyuzi za London Session Orchestra, zilizopangwa na Dave Stewart pamoja na Åkerfeldt, gitaa mbili, kinanda, besi, sauti tatu, vyote ndani ya dakika 51 hivi, na kiitikio cha kuondoka nacho hakuna. Hapa nakubaliana nao nusu. Wimbo wa pili na wa tano zingepumua kidogo zingekuwa bora. Lakini mtu aliyeisikiliza kwa spika ya simu akaniambia ni kelele, namwomba aisikilize tena kwa hedifoni. Spika ya simu inafuta besi ya Martín Méndez yote, na besi hiyo ndiyo inayokushika mkono kwenye mapigo yale magumu. Msikilizeni pia mpiga drams mpya, Waltteri Väyrynen kutoka Finland. Hii ni albamu yake ya kwanza na Opeth na anapiga kwa wepesi uliowafanya hata wagumu wakubali.

Hii ndiyo bora kati ya hizi tatu. Nasema bila kusita.

Dream Theater. Hapa nitagusa watu, naomba tuvumiliane.

Bendi hii ilianza mwaka 1985, wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee huko Boston: John Petrucci kwenye gitaa, John Myung kwenye besi, Mike Portnoy kwenye drams. Portnoy akaondoka 2010. Nafasi yake akaichukua Mike Mangini, akapiga albamu tano, na ndani ya kipindi chake ndipo bendi ilipopata Grammy yake ya kwanza, mwaka 2022. Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Portnoy amerudi. Parasomnia ndiyo albamu yao ya kwanza pamoja tangu 2009.

Wasikilizaji wako kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema nyumba imekamilika, kwamba drams za Portnoy zina roho, zinacheka, zinasukuma, wakati Mangini alikuwa sahihi mno mpaka ukasahau kuna binadamu pale. Kambi ya pili inasema Mangini hakutendewa haki, kwamba alipewa ngoma zilizochanganywa vibaya studio halafu akalaumiwa yeye. Naomba niseme hili kwa heshima: kambi ya pili ina hoja. Sikilizeni ile albamu ya 2013, ile ngoma ndogo ya mbele ya mpigaji ilivyosikika kavu na nyembamba, halafu mniambie kama hilo ni kosa la mikono yake. Mtu akipokea kiti cha mwenzake na kukitunza miaka 13, anastahili shukrani, na inaniuma anavyotajwa siku hizi kama mgeni aliyepita.

Tuje kwenye albamu yenyewe. Ni matatizo ya usingizini: ndoto mbaya, kutembea ukiwa umelala, kukabwa na jinamizi. Nyimbo nane, dakika 71. A Broken Man ni ya askari aliyerudi kutoka vitani na hawezi kulala. Dead Asleep ni ya mwanaume aliyemuua mkewe akiwa usingizini, akidhani anapambana na mvamizi, na Petrucci ameifungua kwa gitaa lenye huzuni ya kweli. Wimbo wa mwisho, The Shadow Man Incident, karibu dakika 20, ni lile jinamizi sasa: umeamka, macho yako wazi, mwili haunyanyuki, na kivuli cha mtu kimesimama chumbani. Wengi wetu hadithi hiyo tumeisikia kwa bibi zetu, na wengine imewatokea.

Uzuri upo. Bend the Clock ina solo ya gitaa mwishoni ambayo hata wasioipenda albamu hii wanaisifu, na wana haki. Andy Sneap ameichanganya ikatoka nzito na safi. Lakini mahali pengi bendi inajiegemeza kwenye historia yake. Midnight Messiah, ambao mashairi yake ni ya Portnoy, umejaa vidokezo vya nyimbo zao za zamani, na shabiki wa miaka mingi anachangamka kila akikitambua kimoja. Anayeanza leo anapata nini? Anapata kiitikio cha kawaida. Hicho ndicho ninachokikataa: kumbukumbu imepewa nafasi ambayo wimbo ulipaswa kuijaza.

Na kuhusu mwimbaji wao, James LaBrie, naona maneno makali mno. Albamu ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 61, anaimba muziki uliotungwa kwa mapafu ya kijana, na kwenye albamu hii amepangiwa sauti za chini na za kati zinazomfaa. Rudini kwenye Bend the Clock, msikilizeni pale: anaimba bila kujilazimisha, na inagusa.

Steven Wilson nitamsema kwa ufupi zaidi, kwa sababu albamu yake yenyewe ni nyepesi kueleza na ngumu kuisahau. The Overview ina nyimbo mbili tu. Objects Outlive Us inakwenda dakika 23 na kidogo, ule wa jina la albamu dakika 18 na ushee. Wazo limetoka kwa wanaanga: wanapoitazama Dunia kutoka mbali, fikra zao juu ya maisha hubadilika. Hali hiyo mwandishi Frank White aliipa jina mwaka 1987, na ndilo lililozaa jina la albamu.

Wimbo wa kwanza karibu kila mtu anaupenda. Kuna sehemu ambayo mashairi yameandikwa na Andy Partridge wa bendi ya XTC, yanaweka mambo madogo ya watu wa mtaani sambamba na nyota zinazokufa, na uzito wake unakuja polepole. Baadaye gitaa la Randy McStine linafungua mbingu, sina namna nyingine ya kusema. Wimbo wa pili ndio unaogawa watu. Unaanza na midundo ya kielektroniki, na mkewe Wilson, Rotem, anasoma ukubwa na umbali wa vitu vya angani, namba zikizidi kupanda. Wapo wanaosema hapo wamesikia orodha, hawakusikia muziki. Mimi natofautiana nao. Namba zile zinakuchosha kwa makusudi mpaka akili inaacha kuhesabu, na gitaa la kawaida likiingia baada yake unapata ahueni.

Wanaosema amerudi kwenye roki ya progresivu baada ya kutangatanga na pop, nadhani hawakusikiliza vizuri. Nyimbo ndefu zimerudi, ndiyo, lakini ile midundo ya elektroniki ya albamu zake mbili zilizopita ameingia nayo ndani.

Kwa anayetaka kununua: The Overview ndiyo pekee ninayosema utafute toleo la Blu-ray lenye sauti ya kuzunguka, kama nyumbani una spika za kufaa. Wilson ni mtu aliyekabidhiwa kuchanganya upya albamu za bendi za King Crimson, Yes na Jethro Tull, hiyo kazi anaijua. Kwenye santuri pia inakaa vizuri, wimbo mmoja kila upande. Opeth hedifoni nzuri zinatosha, na mashairi uwe nayo mkononi. Parasomnia isikilizeni mtandaoni kwanza, mkianza na Bend the Clock na ule wa mwisho. Na kwa sisi wa kununua bando, pakueni kabisa kabla ya kuanza, kwa sababu wimbo wa dakika 23 ukikatika dakika ya 19 utamu wote unapotea.