Gari la raha ya kila siku: jepesi au la V8? Mpangilio wangu kwa mnunuzi wa Kenya

Mtu akitaka gari la kumchangamsha, huuliza kwanza lina nguvu za farasi ngapi. Mimi huuliza kwanza lina kilo ngapi. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, na hata barabara kuu haikuruhusu kupita 110. Ford Mustang ya V8, yaani ya injini ya silinda nane, hugusa 100 ikiwa bado gia ya pili, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ulizolipia hulala tu. Gari jepesi unaweza kulikamua hadi mwisho wa gia, ukaingia kona za Limuru ukicheka, na polisi asikuone mkosaji.

1. Mazda MX-5 ya lita 1.5, gia za mkono. Kwenye minada ya Japani itafute kwa jina la Roadster. Ina nguvu za farasi 132 tu, lakini uzani wake ni kama kilo 1,010. Uzuri mwingine uko kwenye ushuru: injini yake ni cc 1,496, na Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa 20% kwa injini isiyozidi cc 1,500, 25% ikizidi hapo, na 35% kwa petroli inayopita cc 3,000. Sasa ubaya wake. Viti ni viwili, buti ni la mikoba miwili, na tairi la spea halipo kabisa. Unapewa pampu na dawa ya kuziba, ambayo haifui dafu tairi likichanika ubavuni. Ukiikagua, papasa zulia nyuma ya viti. Likiwa na unyevu, mifereji ya maji ya paa la turubai imeziba, na kutu huenda imeshaanza.

2. Toyota GR86 au Subaru BRZ. Ni gari moja lenye nembo mbili: injini ya lita 2.4, nguvu za farasi 235, kilo 1,270 hivi. Viti vya nyuma ni vya watoto, na ukivikunja, magurudumu manne yanaingia. Kama gari ni moja tu nyumbani, anza na hili. Liko chini, kama sentimita 13 kutoka ardhini, kwa hiyo matuta ya mtaani yapande kimshazari.

3. Ford Mustang GT. V8 ya lita 5.0, zaidi ya farasi 400, zaidi ya kilo 1,700. Tangu toleo la 2015 hutoka kiwandani pia ikiwa na usukani wa kulia, kwa hiyo unaweza kuitafuta Uingereza. Mngurumo wake asubuhi hauna mpinzani, hilo nakubali. Foleni ya Nairobi nayo itakupa kilomita kama 6 kwa lita, na ushuru ni ule wa 35%.

4. Mustang EcoBoost. Silinda nne, turbo, lita 2.3. Ushuru na mafuta vinapungua, uzani unabaki, mngurumo umekwenda. Hapo umenunua sura.

Camaro na Challenger sikuziweka: kiwandani zilitoka na usukani wa kushoto tu, na Kenya haisajili magari ya hivyo kwa matumizi ya kawaida. Kumbuka pia gari lisizidi umri wa miaka minane.

Magari haya hugongwa sana na wenyewe, basi soma karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, kabla ya bei. Ukiona daraja la R au RA, limewahi kupata ajali likatengenezwa. Dai picha za chini ya gari kabla hujatuma hata shilingi.