Mafunzo ya huduma ya kwanza Mtwara: sehemu nzuri si bandeji

Mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza, yanayotolewa mjini Mtwara kwa madereva wa bodaboda na bajaji na kwa wafanyabiashara wa sokoni, yanastahili kuhudhuriwa, ingawa kufunga jeraha kunaweza kujifunzwa popote. Thamani yake imo katika kipindi kinachoeleza kwa nini ajali ikitokea barabara ya Mikindani watu hujaa kufumba na kufumbua, na bado majeruhi akabaki chini bila kuguswa.

Mkufunzi hakulaumu roho mbaya, jambo lililonifurahisha. Alieleza jaribio la wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané, lililochapishwa mwaka 1968, ambapo wanafunzi, kila mmoja chumbani peke yake, walimsikia mwenzao kupitia kipaza sauti akielekea kuzidiwa na kifafa. Miongoni mwa walioamini kuwa ni wao pekee wanaomsikia, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti yake haijakatwa. Walioamini kuwa wapo wasikilizaji wengine wanne, waliofanya hivyo ni asilimia 31 tu. Waliokaa kimya hawakuwa watulivu, kwani baadhi yao walikutwa mikono ikitetemeka. Kila mmoja alimwachia mwenzake jukumu, na mwenzake naye vivyo hivyo.

Kutokana na hayo tulifanyishwa zoezi ambalo kwangu ndilo lililolipa ada yote: usiuombe umati msaada, bali mteue mtu kwa alama yake na umpe kazi. “Kaka mwenye fulana nyekundu, piga 112. Mama mwenye kanga ya njano, tusaidie kuzuia magari.” Aliyetajwa hana tena pa kujificha, hata yule aliyekwisha kuinua simu ili apige picha.

Kasoro kubwa ni hofu ya polisi, ambayo haikupewa nafasi. Dereva mmoja aliuliza atatetewa na nani iwapo atambeba majeruhi hadi hospitali kisha adhaniwe kuwa ndiye aliyemgonga, na suala la PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, likatajwa hapohapo. Jibu lilikuwa fupi mno, ilhali kwa watu wa bodaboda hicho ndicho kizuizi chenyewe, pengine kuliko wingi wa watazamaji.

Atakayejiandikisha aulize mapema kuhusu idadi ya sanamu za mazoezi, maana kundi letu liligawana moja, na baadhi yetu tuliondoka bila kukandamiza kifua hata mara moja.