Pasi yangu ya mvuke na yule kijana wa dukani Kariakoo

"Mama, nyie wa ng'ambo maji yenu ya chumvi. Mnaua vitu wenyewe halafu mnakuja kudai waranti."

Hayo niliambiwa mbele ya wateja wasiopungua sita, katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo, na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nimetembea nayo moyoni mpaka Magogoni, nikapanda nayo pantoni, nikafika nayo nyumbani Kigamboni. Mpaka leo nikishika pasi nayasikia.

Pasi nilinunua kwake huyohuyo, miezi kadhaa kabla ya Idi. Siku ile nilikuwa "dada yangu", nilikuwa "bosi". Aliichomeka, akabonyeza, mvuke ukatoka vizuri, akanyoosha kipande cha kitenge kikalala kama karatasi. Akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Kigamboni, tukazungumza hata kuhusu foleni ya pantoni. Kwa hiyo alijua. Kama anayafahamu maji yetu kiasi cha kunitukania, mbona siku ya kupokea hela hakufungua mdomo kusema, "Dada, hii usiiwekee maji ya kisima"? Sentensi moja tu. Mimi ningemshukuru na pasi ningenunua vilevile.

Mwanzoni niliipenda mno, sitadanganya. Sare za shule za watoto watatu nilikuwa namaliza kabla ya taarifa ya habari. Halafu mvuke ukaanza kupungua. Tundu za chini zikaanza kuota weupe pembeni. Nikadhani ni sabuni ya nguo. Nikaendelea kujaza maji ya kwenye simtanki kama kawaida, na simtanki letu tunalijaza kwa kisima cha jirani.

Asubuhi ya Idi nikatandika kanzu ya mwanangu mdogo, nyeupe, mpya, ndiyo mara yake ya kwanza kwenda kuswali na baba yake uwanjani. Nikabonyeza kitufe cha mvuke, pasi ikakohoa, ikatema maji ya rangi ya chai kifuani mwa kanzu, na vipande vyeupe juu yake. Mtoto amesimama pale ananiangalia. Alikwenda kuswali na kanzu ya mwaka uliopita, fupi, vifundo vya miguu vyote nje. Picha ipo kwenye simu, sipendi kuifungua.

Ndiyo maana nilivuka maji kwenda Kariakoo. Risiti ya EFD ninayo, maandishi yameshaanza kufifia lakini tarehe inasomeka, na waranti ya mwaka mmoja ilikuwa bado. Sikwenda kutukana mtu. Nilimwamkia vizuri. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia kwa tochi ya simu, akatoa kauli yake ile, akanirudishia pasi kwa mkono mmoja huku anamhudumia mteja mwingine. Njiani niliwaza kwenda Tume ya Ushindani kulalamika. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno ya kusema.

Aliyenituliza ni mzee mmoja dobi, ana kibanda karibu na kituo chetu cha bajaji, ananyoosha kwa pasi ya mkaa tangu sijaolewa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaona sura yangu, akaniuliza, "Binti, umefiwa?" Nikamsimulia. Akaichukua pasi, akaitikisa sikioni, ikalia kama njuga. Akasema, "Hiyo haijafa. Nenda kachungulie birika lako la umeme, utaona ugonjwa huohuo."

Nikachungulia. Chini kuna ukoko mweupe mgumu kama chokaa ya ukutani. Na kumbe ndiyo chokaa kweli. Maji yanayopita ardhini kwenye mawe ya chokaa yanakuja nayo ikiwa imeyeyuka, huioni kwa macho. Ukiyachemsha, inaganda na kushika. Kwenye birika unaiona na kuikwangua, lakini kwenye pasi inajificha ndani kwenye chumba cha mvuke, inaziba njia mpaka tundu. Chumvi nayo ni hivyohivyo, maji yakigeuka mvuke yenyewe inabaki. Wanaopata maji ya bomba kutoka Ruvu hawasumbuki kama sisi wa visima.

Basi kijana alisema kweli kuhusu maji. Nakiri hilo, na linaniuma zaidi, kwa sababu ukweli huohuo angenipa kwa heshima tangu siku ya kwanza.

Nilivyoisafisha ni hivi. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikajaza kama theluthi ya tangi. Someni kwanza karatasi ya pasi yenu, maana kampuni nyingine zinakataza siki, inakula mipira ya ndani. Yangu haikukataza. Nikawasha mpaka joto la mwisho, lile la vitone vitatu, nikaitoa mvuke juu ya taulo kuukuu kwa dakika kama tano, madirisha yote wazi, maana harufu ya siki ya moto inachoma macho. Nikachomoa, nikaiacha nusu saa, nikamwaga. Hapo palikuwa bado, mvuke ukitoka upande mmoja tu. Nikajaza maji safi tele, nikawasha mpaka taa ikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaishika imelala juu ya beseni, nikabonyeza kile kitufe cha kujisafisha na kukishikilia huku naitikisa mbele na nyuma. Mikono ikae mbali, mvuke ule unababua.

Wallahi, yaliyotoka humo! Kwanza maji ya kahawia. Halafu magamba, kama maganda ya yai yaliyosagwa. Niliita watoto waje waone. Nikarudia mara tatu mpaka maji yakatoka meupe, nikamalizia tundu kwa vijiti vya pamba. Msichokonoe kwa sindano, mtaikwaruza chini kisha itakuwa inavuta nguo. Umeme ulikatika katikati ya duru ya pili, nikasubiri, nikaendelea usiku.

Pasi ikarudi. Inatoa mvuke kuliko siku ile ya dukani, na kitambaa cha pamba kinanyooka mara moja. Kwa hiyo wanaoniuliza kama wanunue aina hii, nunueni, ni pasi nzuri.

Hapana, ngoja. Kama maji yako ni ya kisima na huna nafasi ya kuifanyia kazi hii kila mwezi, chukua pasi kavu ya kawaida na chupa ya kunyunyizia maji, uokoe nguo zako. Mimi sasa naijazia maji ya kunywa ya chupa tu, na nikimaliza kunyoosha namwaga yaliyobaki ingali ya moto, naiweka imesimama. Zamani nilikuwa naiacha imelala na maji yake tumboni wiki nzima. Jirani ananishauri maji ya kiyoyozi, mwingine maji ya betri. Karatasi yangu inakataza yote mawili, na hayo ya betri ukikosea chupa dukani ukapewa asidi, si pasi tu itakayoungua.

Na hiyo karatasi, nisisahau, imeandikwa Kichina na Kiingereza cha herufi ndogo kama chawa. Onyo la maji lipo ukurasa wa nne. Mwanangu wa sekondari ndiye aliyenisomea. Mtu unayemuuzia kitu Kariakoo, ukijua karatasi hasomi, mwambie kwa mdomo. Mdomo wa kunidhalilisha ulikuwepo.

Kanzu niliisugua kwa ndimu na chumvi nikaianika juani siku mbili. Imetoka karibu yote, zimebaki alama mbili chini ya kola, na mtoto ameshakua, Idi ijayo haitamtosha.

Jambo moja nahitaji msaada. Mpira wa kifuniko cha tangi umeanza kulegea, nadhani ni siki, na maji yanachuruzika nikiilaza. Mwenye kujua fundi au duka linalouza mipira hiyo, hata Mbagala nitakwenda, anielekeze. Pale sirudi.