Mashine ya mkono ya mkaa mbadala: uzoefu wangu kwa sisi wauza mkaa

Ukiuza mkaa wa makopo huku Manzese, Dar es Salaam, unajua kila gunia linaacha chenga. Nyingi huishia mtaroni, na masika yakianza maji yanakosa pa kupita. Zangu nazigeuza mkaa mbadala kwa mashine ya mkono ya parafujo, iliyochomelewa mtaa wa Gerezani, mfano wa ile ya kusagia nyama. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kazi kubwa haiko kwenye mashine, iko kwenye kuchekecha. Anza na wavu wa mbu wa dirishani: kinachopita kina mchanga mwingi, kiweke pembeni. Kinachobaki kitwange, punje zisizidi za mchele. Kama una shaka, tia konzi moja kwenye beseni la maji. Mkaa utaelea, mchanga utazama, na utaona mwenyewe umebaki kiasi gani. Mchanga hauwaki, unaongeza majivu na unakula chuma. Parafujo yangu imelika pale karibu na mdomo ndani ya miezi minne, ikabidi ijazwe kwa kuchomelea. Nyota moja nimeipunguza hapo: chuma chake ni laini mno. Kabla hujalipa, mwambie fundi aimarishe sehemu hiyo.

Kipimo: chenga kavu kilo 25, unga wa muhogo kilo moja na robo, maji lita 10. Unga ukoroge kwenye lita 2 za maji baridi, mimina kwenye lita 8 zinazochemka, koroga mpaka uji upoteze weupe na uanze kuvuta. Uji usioiva haushiki kitu. Changanya na chenga ungali wa moto, kisha bana donge kiganjani. Likichuruzika, maji yamezidi. Likimeguka ukifungua mkono, ongeza uji.

Vipande vikitoka kwenye mashine, viache kivulini nusu siku. Vikipigwa na jua mara moja vinapasuka. Halafu vianike juu ya wavu ulioinuliwa, siku tatu hadi tano za jua kali. Vunja kimoja: katikati pakiwa peusi kuliko kando, bado kuna maji, na mteja atakurudishia kwa sababu ya moshi. Wakati wa masika tengeneza kinachoenea chini ya bati tu, maana muhogo ukikaa na unyevu unaota ukungu.

Mama lishe wa maharage wanaupenda mkaa huu, moto wake unakaa. Wa chipsi wauzie mkaa wa kawaida, huu unachelewa kushika na moto wake ni wa pole. Majivu ni mengi, waambie watikise jiko mara kwa mara. Na kama mkaa wowote, usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake inaua.

Kufungashia natumia viroba vya unga vilivyokwisha kazi, vikavu kabisa.