NAT au briji: mashine pepe iingie vipi intaneti?
Mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako) ikiundwa kwenye VirtualBox, programu ya kuendesha mashine hizo, huanza na NAT, yaani hutumia mtandao kwa kujificha nyuma ya kompyuta yako. Hupewa anwani ya ndani, kwa kawaida 10.0.2.15, na kila inachotuma hutoka kwa anwani ya kompyuta yako. Inafungua tovuti na kupakua masasisho bila shida, lakini wa nje hawezi kuifikia mpaka wewe mwenyewe uelekeze poti, yaani ufungue mlango mmoja wa mtandao kwenye kompyuta yako unaopeleka kwenye mashine pepe. Ukielekeza, andika 127.0.0.1 (kompyuta yenyewe tu) kwenye nafasi ya anwani ya mwenyeji, yaani kompyuta yako. Ukiiacha tupu, hata majirani mnaotumia nao Wi-Fi wanaweza kuifikia poti hiyo.

Kwa briji, mashine pepe inaunganishwa moja kwa moja na mtandao wako: ruta inaipa anwani yake, na kila aliye kwenye mtandao huo anaiona kama kompyuta kamili. Inafaa kwa seva ya majaribio ya ofisini. Kwenye Wi-Fi ya hoteli, SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) ikiwa wazi na nywila ni "admin", hapo unajitafutia balaa.

Mimi nabaki na NAT. Ila usijisahau: kirusi kilichomo ndani ya mashine pepe bado kinaweza kuigusa kompyuta yako kupitia mtandao, na vifaa vingine vya nyumbani pia. Kwa faili usiloliamini, zima kadi ya mtandao ya mashine pepe kabisa, pamoja na folda inazoshiriki na kompyuta yako.