Kalamu ya Micron na karatasi ya Arches kwa wachoraji wa vyombo vya baharini

Miaka yote nilichora majahazi ya Malindi, Unguja, kwa wino wa kawaida wa kuandikia. Nikipitisha brashi yenye maji tu, mlingoti unayeyuka, foromali, ule mti unaobeba tanga, inageuka doa la buluu, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Kwa hiyo nilipopata kalamu ya wino ya Sakura Pigma Micron namba 05 nilianza na jaribio hilo hilo: nikachora ngalawa, nikaacha wino ukauke, nikaumwagia maji. Mstari haukutikisika.

Namba 05 ina mstari wa milimita 0.45, nautumia kwenye ubavu na mkuku, ule uti wa chini ya chombo. Kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kuliongozea, ambazo nahodha yeyote atazitafuta kwenye picha yako, natumia 01, milimita 0.25.

Lakini kalamu bila karatasi ni kazi bure. Daftari nililonunua duka moja la vifaa vya shule lilijikunja kama ng'onda, rangi zote za maji zikatuama mabondeni. Sasa natumia Arches ya Ufaransa, pamba tupu, gramu 300 kwa mita mraba. Bei yake si rahisi; shiti moja ya sentimita 56 kwa 76 naikata vipande vinne.

Inalipa unapochora maji ya bahari. Karatasi hii imetiwa jelatini, rangi haizami papo hapo, unapata nafasi ya kuisogeza. Kivuli cha jahazi jioni, maji yamejaa: nalowesha chini ya ubavu, natia kahawia, halafu navuta brashi kavu mara moja tu kwenda upande. Kivuli kinakatika vipande, kama kinavyokatika kwenye mawimbi madogo. Mng'ao wa jua siupaki. Naacha weupe wa karatasi ufanye kazi hiyo.

Karatasi ihifadhini kwenye boksi lenye kifuniko cha kubana. Unyevu wa masika huharibu jelatini, rangi ikaanza kuzama kwa madoadoa.

Na anzeni na penseli. Mzee mmoja wa bandarini alisimama nyuma yangu, akanyoosha kidole: "Mwanangu, tanga limeshiba kusi, mbona bendera imelalia huku?" Alisema kweli, na wino ulikuwa umeshakauka. Siku hizi, kabla sijafungua kalamu, natazama kwanza upepo unatoka wapi.